Harufu ya Samaki kwa Mama Bea

Wakati nilikuwa mtoto, kwetu pale karibu na maporomoko, pua yangu ilikuwa na kazi. Wanaume wakirudi asubuhi na samaki kutoka mitegoni, vile vikapu vikubwa wanavyovishusha kwenye maji yenye nguvu, Koko, mama ya papa, alikuwa ananiita. Nanusa mmoja mmoja: huyu wa leo, huyu wa jana, huyu apelekwe motoni haraka. Sikukosea. Hata sasa, na uzee huu, ukipita barabarani na makayabo, samaki wa chumvi, ndani ya mfuko nakujua kabla sijakuona.

Mwaka mmoja mitego ilianza kupanda mitupu. Siku ya kwanza watu walicheka. Siku ya nne hakuna aliyecheka. Koko akakaa kwenye kiti chake katikati ya lupango, uwanja wetu, akaanza kumwangalia kila anayepita.

"Samaki haipotee bule," akasema. "Kuko mutu anaikula mbele yetu."

Tulikuwa tunakaa na Mama Bea, mke wa tonton Alphonse, mdogo wa papa. Alitoka Isangi, mwaka wake wa kwanza kwetu ulikuwa haujaisha. Siku hizo alianza kukaa mbali na watu. Anaoga mara tatu kwa siku. Vitambaa vyake anafua peke yake, anavianika nyuma ya nyumba chini ya kikwembe, kitenge chake, mahali jua halifiki. Na malimau ya Koko yalikuwa yanaisha mtini, hatujui yanaenda wapi.

Koko akanivuta mkono. "We mwenye pua. Ukipita karibu na Bea, unasikia harufu gani?"

Nilijibu bila kufikiri, maana nilikuwa najivuna na pua yangu: "Samaki, Koko."

Afadhali ningenyamaza. Koko alijipiga mapaja. "Mitego iko bule, na yeye iko ananuka samaki! Mulisikia?"

Wazee wetu pale nyumbani waliamini kwamba chini ya maporomoko anaishi mtu wa maji. Akimpenda mwanamke, anamlisha samaki za mume wake, na harufu inabaki mwilini. Donc kwa Koko kesi iliisha. Yenga, yaani Jumapili, ikifika, Mama Bea atapanda pirogi, ule mtumbwi, na sanduku lake, arudi kwao Isangi. Tonton aliangalia chini. Alikuwa anampenda mke wake, lakini jioni ile nilimwona akisogeza sahani yake mbali na ya Bea.

Siku mbili mbele ya yenga, Mama Bea akaaga: "Ninaenda soko." Koko akanikonyeza. "Mufuate. Akigeuka kwenda kwa maji, kimbia uniambie."

Nikamfuata. Hakugeuka kwa maji. Lakini soko nayo akaipita, na moyo wangu ukasema: eh, sasa huyu anaenda kwa nani? Akaingia katika nyumba ndogo yenye chokaa, kwa Mama Zaina, muuguzi wa kutoka Maniema, aliyezalisha nusu ya watoto wa mtaa. Nikajibanza mlangoni. Mama Bea hakugeuza hata kichwa.

"Ingia, mwenye pua. Ulitumwa kusikia, sikia muzuri."

Nikakaa upande huu wa pazia. Mama Zaina alikuwa anauliza: "Maji inayokutoka, ilibadilika tangu lini? Rangi gani?"

"Wiki tatu sasa. Iko nyepesi, kama majivu. Na harufu... we mwenyewe unasikia."

"Inakuwasha? Kukojoa inakuchoma? Tumbo ya chini inauma? Homa? Damu inje ya siku zako? Uko na mimba?"

"Apana. Ni harufu tu. Na haya."

"Na unajisafisha na nini?"

"Limau. Na sabuni. Mupaka ndani."

"Yee! Unaosha mwili ama sufuria? Ndani kunajisafisha kwenyewe, Bea. We njo unazidisha ugonjwa."

Akamweleza taratibu, na mimi nikayashika. Kila mwanamke mzima anatokwa na maji, mara meupe, mara ya kuvutika kama ute wa yai, yanafuata siku za mwezi, na huo si ugonjwa. Lakini yakigeuka rangi, yakinuka, au yakiwa mazito kama maziwa yaliyoganda na kuwasha, usingoje. Tumbo la chini likiuma, au ukiwa na homa au mimba, nenda siku ile ile. Alipomaliza kumpima akasema ugonjwa huu wake haukuwa ule unaopita kati ya mume na mke. Ungekuwa ule, angemwita tonton pia, naye ameze dawa. Akampa vidonge vya siku saba.

Nyumbani Koko alinisubiri mlangoni. "Aligeuka kwa maji?"

"Apana, Koko. Ni ugonjwa. Iko na dawa."

"Alikulisha nini njiani, juu useme ivi?"

Nilikuwa mtoto wa kuogopa fimbo, lakini nilijua ni pua yangu iliyomtia Mama Bea katika shida ile. Nikasema: "Koko, uliamini pua yangu. Ngoja siku saba, nitanusa tena."

Tonton akainua kichwa. "Mama, tungoje."

Siku ya nane Koko akaniita mbele ya wote, kama vile wameleta samaki. Mama Bea alisimama mikono kiunoni, ananitazama usoni. Nikanusa. Moshi, sabuni, mawese. "Hakuna samaki," nikasema.

Na mitego? Bado mitupu. Macho ya Koko yakatupita pole pole, mmoja mmoja, yakaja kutua juu yangu. "Alors, ni nani?"

"Mama, ni maji," tonton akasema kwa uchovu. "Maji imejaa sana mutoni, samaki inapita juu ya mitego."

Sanduku la Mama Bea likarudi chini ya kitanda. Koko hakumwomba msamaha. Mpaka anakufa, chakula alichopika Mama Bea alikinusa kwanza ndipo akala.

Sikusoma, lakini hili nimelifikiri sana. Pua yangu haikudanganya. Harufu ilikuwepo kweli. Sisi tulitafuta mwizi, na pale kulikuwa na mgonjwa.

Juzi mjukuu wangu, yule msichana wa université, alisimama mlangoni kwangu akichezea ufunguo wake. "Koko, iko kitu inabadilika kwangu. Harufu. Usiambie mama."

Nikasikia kooni sauti ya Koko wangu, ile ile, inataka kuuliza: ulikuwa na nani? Nikaimeza. Nilimuuliza tu kama tumbo linauma, kama ana homa. Kisha nikainama kutafuta viatu vyangu, twende kwa muuguzi.