Musalaba ya kre ku ubao ya vago

Bwana yangu, mwenye kunioa, alikuwa visitere ya bavago, mukaguzi ya mabehewa ya treni, na kazi yake ilikuwa ya masikio. Treni ikifika ku gare ya Kamina, yee anashuka na nyundo ya mukono murefu, anapiga gurudumu moja moja, anasikiliza. Ikilia muzuri, anapita. Ikilia kama chungu yenye kupasuka, ao akiona freni ya kusimamisha gurudumu imekufa, anatosha kre, chaki ya masomo, mu mufuko, anachora musalaba ku ubao ya vago. Musalaba ile inasema: hii haitoke hapa. Hata sufuria ya soko alikuwa anaipiga kwanza na kidole, bamama banacheka mpaka banalia. Minyi naye nilikuwa nacheka.

Siku moja alichora musalaba ku vago moja ya mahindi, yenye bantu juu yake. Mafreni yote ilikuwa ya kufa. Lakini diretere wetu, mukubwa ya gare, muntu ya kostime hata mu jua kali, alikuwa ameandikia bakubwa asema mafreni yote imetengenezwa mupya. Haikutengenezwa hata moja. Bwana yangu akamufuata ku biro.

"Patron, ile vago itaua bantu."

Diretere akacheka. "Muzee, weye unasikilizaka byuma, minyi ninasikilizaka bakubwa. Acha itoke."

Ikatoka. Ku mutelemuko ya njia ya Bukama ikaanguka. Bamama ya soko bakakufa, bengine na batoto mu mugongo. Nilisaidia kuosha maiti, sitaeleza zaidi.

Kisha parke, bantu ya mashitaka, ikakuja kukamata bwana yangu. Diretere alikuwa amebaambia asema visitere hakusema kitu, aliacha vago ipite. Nani angesema hapana? Ushahidi kulibakia tu ile musalaba ku ubao.

Sasa shiye bantu ya treni tuko na tabia: ubao ya vago yenye kuvunjika hatuitupe, tunaifanya kuni ya kupikia bukari, ugali yetu. Njo nikapita nyumba kwa nyumba, naomba kuona kuni ya bantu. Bamama banaita toka mu lupango, kiwanja ya nyumba: "Mama visitere, sasa weye unavisite kuni?" Siku ya tatu, kwa mujane moja, nikaona ile ubao, alikuwa ameifanya mulango ya kuku. Mvua haikuwe imeanza, musalaba ilikuwa nzima, mukono moja mufupi, vile bwana yangu anachoraka. Mujane akaivunja mwenyewe na kunipa. Dada yake alikufia mu ile vago.

Nikaiegemeza ku ukuta ya nyumba, nikaenda kuuliza avoka, wakili yetu, saa ya tribinali. Kurudia, mukwe yangu, bibi ya mutoto yangu, iko mbele ya mulango, anafurahi. Ubao iko juani, inangaa, na kikwembe, kitambaa mupya, pembeni ya kuifunika.

"Mama, nimeiosha na sabuni. Juje wa tribinali hataona vumbi."

Minyi njo nilimufundisha. Kwetu kintu ya kupeleka kwa bakubwa inaenda safi. Hata kuku ya pastere tunaioshaka miguu. Nikaikala chini. Sikumugombeza.

Nikaipeleka vilevile. Juje akaigeuza, akaigeuza tena. "Mama, naona ubao." Bantu bakacheka kidogo. Diretere alikuwa amekaa mbele, kama shahidi. Nikamuangalia.

"Tata, weye uliona musalaba. Bwana yangu alikuambia mu biro yako."

Akaangalia viatu yake. "Mama, bavago iko mingi."

Hakuna mwenye alimuuliza mafreni mupya iko wapi. Bwana yangu akapewa myaka ya buloko, ya gereza. Diretere bakamupatia biro kubwa zaidi, fasi ingine.

Tangu pale, bavisitere ya Kamina habachore tena na kre. Banakata musalaba mu ubao na burin, patasi ya chuma, ndani kabisa. Bwana yangu njo alibatumia ile neno toka buloko.

Bibi ya mutoto yangu anapikaka chakula, minyi ninapeleka. Haangalie macho yangu bado. Ninamuambia: "Mwanangu, sabuni haikuua muntu."

Ku buloko, bwana yangu anasimama nyuma ya mulango ya chuma, anaipiga na kidole, anasikiliza.

"Hii iko nzima," ananiambia. "Hii njo balitengeneza kweli."