Fundi Misumari na Kazi Yake ya Mchana

Kwa muda wa miaka minane wateja wa fundi huyu walizoea kumsalimu na kujibiwa kwa nyusi. Hakuwa na kiburi. Alikuwa fundi wa kuvika makochi vitambaa, na awapo kazini huibana misumari midogo midomoni, akaitoa mmoja mmoja kwa ncha ya ulimi na kuigongea kwenye mbao. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Misumari.

Aliingia nchi ile ya kigeni akiwa na umri wa miaka thelathini na mmoja, huku nyumbani akimwacha mkewe na mtoto wa kiume, pamoja na mimba ya miezi sita. Asubuhi aliajiriwa katika kiwanda cha samani, na mshahara wa huko ulikatwa kodi kama inavyotakiwa. Mchana alishuka katika chumba alichopanga nyuma ya duka la dobi, akafanya kazi yake mwenyewe: makochi ya majirani, viti vya mikahawa, mito ya zahanati. Malipo ya kazi hiyo yalikuwa ya mkono kwa mkono, na idara ya kodi haikupata kuyasikia.

Aliyemfundisha njia hiyo ni kinyozi, mtu wa kwao, aliyempokea siku ya kwanza.

"Ndugu yangu, umekuja kutafuta au kuchangia?" kinyozi alimwuliza. "Pesa ya mkononi haina mdomo. Wewe ndiye wa kuwa na mdomo, na wewe unyamaze."

Akanyamaza. Wateja nao walinyamaza, kwa kuwa bei ilikuwa nafuu.

Mwaka wa tisa ulipoanza, aliomba kibali cha kuwaleta mkewe na watoto wawili. Binti aliyeachwa tumboni alikuwa anasoma darasa la pili, na baba yake alikuwa hajamshika mkono hata mara moja. Majibu yalipotoka, fundi aliitwa dirishani katika ofisi ya uhamiaji na mama mmoja wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kamba.

"Bwana, kwa mshahara huu wa nusu siku watu wanne mtakula nini?"

"Mama, nina kazi nyingine. Ya mchana."

"Iko wapi? Humu sioni."

"Humu haimo. Lakini ninayo."

Yule mama alivua miwani. "Basi sikiliza, baba. Kwenye karatasi wewe ni maskini, na mimi hufanya kazi na karatasi. Ombi limekataliwa. Una siku sitini za kukata rufaa. Vuka ua, nenda idara ya kodi, ukaseme mwenyewe. Anayejipeleka hutozwa faini ndogo kuliko anayefuatwa. Wakikufuata wao, hata kibali chako cha kuishi hapa utakitafuta kwa tochi."

Fundi alitoka, akaenda moja kwa moja kwa kinyozi. Kinyozi alipoelezwa, aliuacha wembe juu ya shavu la mteja.

"Umerogwa? Ujipeleke kwa miguu yako?"

"Nisipokwenda, mke na watoto hawaji."

"Na ukifukuzwa, watakuja wapi? Endelea kutuma bahasha za pesa, mzee. Watoto wanakula, wanasoma. Unataka nini tena?"

Jioni ile fundi alimpigia simu mkewe, akamweleza yote bila kupunguza. Mkewe akasema, "Bwana wee, mimi sikuolewa na bahasha. Nenda."

Akaenda. Huko alikutana na karani kijana, mwenye mafua na adabu nyingi, aliyeisoma orodha yake ya mapato mara mbili.

"Mzee wangu, watu wote hapa hupunguza. Wewe peke yako unaongeza. Nitajuaje kwamba hukuzitunga hizi namba ili familia ije? Stakabadhi ziko wapi?"

"Sikuwahi kutoa."

"Daftari?"

"Sina."

"Basi huna kazi," karani alisema kwa upole, na kupenga kamasi.

Maneno hayo yalimkata maini. Miaka minane ya mgongo kuuma ilikuwa imefutwa kwa sentensi moja, tena kwa sababu yeye mwenyewe hakutaka ionekane. Alikuwa amefika mlangoni alipokumbuka jambo ambalo mafundi wa makochi hulifanya bila kulifikiri. Mjomba wake, aliyemfundisha ufundi, alimzoeza kuandika kwa penseli juu ya ubao, chini ya kitambaa, jina lake na tarehe kabla ya kukifunga kiti.

"Daftari lipo," alisema akigeuka. "Limo ndani ya viti vya watu."

Ilimbidi sasa azunguke nyumba hadi nyumba na bisibisi yake, akiomba ruhusa ya kufungua kazi alizokwisha kuzifunga. Mwenye mkahawa, aliyekuwa na viti arobaini vilivyovikwa na fundi, alimzuia mlangoni. "Ukivigeuza viti vyangu, kesho watu wa kodi watanigeuza mimi. Toka!" Wengine walijifanya hawamjui. Lakini mkunga mmoja mstaafu alimkaribisha, akalipindua kochi lake kwa mikono yake mwenyewe.

"Fungua, mwanangu. Nilijua unanifanyia bei ya kificho, nikanyamaza. Barua ya ushahidi nitaandika, na hilo nitalitaja."

Watu kumi na mmoja walikubali. Karani alikwenda kwa mkunga kuhakikisha. Akapiga magoti, akamulika, akasoma tarehe, akapiga chafya ndani ya kochi. Hesabu ikakubaliwa.

Kwa kukubaliwa huko, fundi alidaiwa kodi ya miaka minane pamoja na faini. Zikaisha fedha zote alizoweka kwa ajili ya tiketi na pango la nyumba. Kibali chake cha kuishi, ambacho kingeongezwa miaka mitano, kiliongezwa mmoja, kwa masharti. Na ombi la familia lilirudishwa kwa mama wa miwani, likingoja mwaka mzima wa mapato yaliyotangazwa kwa ukamilifu. Hakukataliwa tena, ila hakupewa.

Alimpigia mkewe.

"Mwaka?" mkewe aliuliza.

"Mwaka, na kidogo."

"Basi mwambie binti yako mwenyewe. Mimi nilimwambia 'bado' mwaka juzi na mwaka jana. Safari hii ni zamu yako."

Simu ikahamia kwa binti.

"Baba, hatuji?"

"Mtakuja, mama. Lakini si sasa. Baba alikosea."

"Ulifanya nini?"

"Niliificha kazi yangu."

"Kwani ni kazi mbaya?"

"Hapana. Ni nzuri sana."

"Sasa kwa nini uliificha?"

Fundi alimwomba binti amrudishie mama yake simu. Kwa mbali akamsikia mkewe akisema kwamba yeye hana haraka, wamalize kwanza. Mtoto aliirudisha simu sikioni. Akamwuliza tena kwa nini aliificha.