Kaseti ya Betri Zilizochoka

Binti yangu amenitilia nyimbo zangu kwenye simu. Alizitafuta moja moja, kazi ya hisani kweli, kisha akaja nazo amechangamka ili nisikilize. Ya kwanza haikufika hata nusu nikamwambia zinakimbia, azipunguze mwendo. Akanitazama kama mzee aliyeanza kupotewa na akili.

"Baba, hivi ndivyo zilivyoimbwa."

Najua ndivyo zilivyoimbwa. Ila mimi sikuzisikia hivyo, na kama ningezisikia hivyo tangu mwanzo, pengine huyu binti asingekuwepo wa kunibishia.

Ni nyimbo za kufokafoka, rap ya Kiswahili, za siku zile vijana wa Mombasa na Dar es Salaam walipoona kwamba lugha yetu nayo inaweza kubeba majigambo ya aina hiyo. Kaseti alinipa binamu yangu. Wakati wa vita alikimbilia Mombasa, na aliporudi kwetu Chovae, kisiwa kilicho karibu na Kismayo, alishuka na godoro, sufuria mbili na kaseti hiyo, isiyo na karatasi wala jina la mwimbaji. Nyimbo alikuwa amezinasa redioni. Mmoja unaanza mtangazaji akiwa bado anaongea, na mpaka leo kwangu wimbo ule bila yule bwana kuukatiza haujakamilika.

Sasa niseme lililonifanya nizipende. Mimi nina kigugumizi. Siku hizi kimepoa, lakini ujanani kilikuwa kimenikaba koo. Kucheka watu walicheka, nikazoea. Kilichonichoma ni kumaliziwa maneno. Naingia dukani nataka maji, nimekwama kwenye herufi ya kwanza, mwenye duka ananisaidia: "Mafuta?" Basi naitikia kwa kichwa, nalipa, natoka na mafuta. Nyumbani kwetu mafuta hayakuisha.

Wimbo wa kwanza wa kaseti ile ni wa kijana anayejitambulisha. Hana jingine. Anataja jina lake, la baba yake, mtaa wake, kisha anarudia kwa namna nyingine, kana kwamba dunia nzima ilikuwa imesimama mlangoni inamuuliza yeye ni nani. Asiye na kigugumizi hawezi kujua jambo hilo ni kubwa kiasi gani. Hakuna neno linalotutesa kama jina letu wenyewe, kwa sababu halina mbadala. Nilimwonea wivu kijana yule, halafu nikaanza kumfuatisha.

Wa pili ni wa mwanamke anayegombana na kondakta wa basi. Basi mimi nilikuwa sijapata kupanda, lakini ugomvi ule niliuelewa wote, na nikauhifadhi kwa ajili ya wachuuzi wa Kismayo wanaokuuzia misumari yenye kutu huku wakiapa. Wa mwisho wa upande ule wa kaseti ni wa kijana mwenye njaa anayemzungumzia mama yake, na utepe unaisha kabla yeye hajamaliza. Neno linakatika katikati. Nilikuwa naungoja mkato ule kwa hamu. Mtu anaishia nusu ya neno, na redio inazima zake kimya bila kuona haya.

Niliposema pamoja na waimbaji wale, nilisema bila kukwama. Nilidhani ni muujiza. Redio yenyewe ilikuwa ya kaseti, ya betri, na betri mpya kisiwani zilikuwa adimu. Tulikuwa tunazianika juani juu ya ubao, tunazibana kwa meno, tunazirudisha. Zikipata joto zinafufuka, lakini kidogo tu, kwa hiyo utepe ulikuwa unajikokota. Yule kijana wa kwanza alikuwa na sauti nzito, mwenye subira, kila neno analiweka chini kwanza ndipo anaokota lingine. Nilimkadiria ni mtu mzima mwenye kitambi.

Wakati huo nilikuwa nafanya kazi ya kukalafati, yaani kushindilia pamba yenye mafuta kati ya mbao za chombo maji yasipite. Kwetu kazi hiyo huifanya watu wawili kwenye mshono mmoja, nyundo yangu kisha nyundo yake. Ukikosa zamu, pamba inavimba upande mmoja na kutoka upande wa pili, na mnaanza upya. Mwenzangu alikuwa fundi mkuu wa kisiwa, mzee mkavu asiyependa maneno, na nina sababu ya kumtaja: nilikuwa nampenda binti yake. Redio niliitundika kwenye gadi iliyoegemeza chombo. Mzee aliichukia.

"Hoyu mchu aimba au agomba?" aliniuliza siku ya kwanza, akimaanisha yule mtu wa redioni.

"A-a-agomba," nikasema.

"Hata mimi naona." Akapiga nyundo yake akaningoja nipige yangu. Tangu hapo kila asubuhi alilalamika kidogo, kama mtu anayepiga bismillahi, halafu tukafanya kazi.

Posa yangu ilikubaliwa. Hapo ndipo tabu ilipoanza, maana kuoa kwataka kusema. Mbele ya msikiti mzima baba wa bibi arusi anakushika mkono, dole gumba kwa dole gumba, anasema amekuoza, na wewe unajibu hapo hapo, jibu lishikane na swali, umtaje bibi arusi kwa jina lake. Jina la mke wangu silitaji hapa kwa kuwa si langu peke yangu, lakini linaanza na herufi ya kufumba midomo, na midomo yangu ikifumba ilikuwa haina haraka ya kufumbuka. Shangazi zangu wakashauri niweke wakili anijibie. Sheikh akasema inafaa, sheria imeturahisishia. Kila mtu aliona jambo limekwisha.

Bibi arusi akaniletea jibu kwa mdomo wa dada yangu: "Wakili simtaki. Sikuposwa na wakili."

Nilifurahi nikaogopa kwa pamoja. Kama angekubali ningepumua, na ningebaki mtu wa kumaliziwa maneno hata siku ya ndoa yangu. Nikaapa nitasema mwenyewe. Nikalipanga jibu kwa mdundo wa wimbo wa kwanza, ule wa majina, na kwa mdundo ule jina lake lilitoka.

Siku za arusi zikikaribia nilivuka Kismayo kununua pamba. Napita dukani nasikia wimbo wangu, ila umeharibika: unakimbia, sauti nyembamba kama ya mtoto aliyebanwa na haja. Nikaingia kumsaidia mwenye duka. Nikamwambia, kwa jasho, redio yake mbovu.

"Waryaa, we kijana," akanijibu, "redio ni mpya. Wewe yako ndiyo inakufa."

Wateja wakacheka. Nikasimama pale nikiusikiliza hadi mwisho, na hasira ikaniisha ikabaki hofu. Yule bwana mwenye kitambi hakuwahi kuwepo. Nilikuwa nimejifunza kusema kwa mtu aliyetengenezwa na betri mbovu.

Nikanunua betri mpya, nijue moja. Nyumbani nikazitia, zile kongwe nikazitupa mchangani karibu na chombo. Wimbo ukaruka mbio, nami nikaruka nao, nikakwama kwenye jina la kwanza. Nikarudia, nikakwama. Nikajaribu jina la mchumba wangu, midomo ikafumba ikakaa. Zile kongwe nilipozitafuta sikuziona. Nililia, sioni sababu ya kuficha. Nikazitoa zile mpya nikampa mama atie kwenye tochi, na redio nikaiacha nyumbani.

"Kidude chako kimekufa?" mzee akauliza kesho yake kazini.

"Ki-kimekufa."

"Alhamdulillahi." Tukafanya kazi kwa nyundo tupu mpaka siku ya arusi.

Tulioana baada ya swala ya alasiri. Msikiti ulijaa, na wengine walisimama madirishani, maana habari ya bwana arusi aliyekataa wakili ilikuwa imefika hadi kisiwa jirani cha Kudhaa. Mzee akakaa mbele yangu, akanipa mkono wake wenye sugu. Dole gumba lake likagusa langu. Nikaanza kugonga mdundo taratibu juu ya dole lake, pale chini ya kitambaa cheupe walichotufunika mikono, mtu asione.

Akasema maneno yake. Zamu yangu.

"Nimekubali ndoa ya," nikasema, sawasawa, na midomo ikafumba kwenye jina. Dole langu likasimama. Mdundo ulinitoka kichwani wote, ukaniacha mtupu. Nikasikia mtu anakohoa. Nikaona mtu wa safu ya mbele ameshafungua kinywa, na nilijua anachotaka kufanya: anataka kunimalizia. Jina la mke wangu! Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia yule kwa kitambo kile kifupi.

Kisha chini ya kitambaa dole la mzee likabonyeza langu. Mara moja, likatulia. Mara mbili za karibu, likatulia. Uso wake haukubadilika, alikuwa akiangalia mkeka. Ulikuwa wimbo wa kwanza, na ulikuwa mwendo wangu, ule wa betri zilizochoka. Nikangoja zamu yangu kama tulivyozoea kwenye mshono, nikaingia. Jina likatoka zima, na la baba yake likalifuata, na mahari, hadi mwisho. Sheikh akasema amina kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Mimi nikacheka. Nilicheka ndani ya msikiti mbele ya wakubwa, machozi yananitoka, mwili umelegea kama mtu aliyetua gunia, na hakuna aliyenikemea. Nje wanawake waliposikia wakapiga vigelegele, na nikajua katika sauti zile yumo asiyetaka wakili.

Mzee alikula biriani yake, akanawa, akaenda zake. Nami nilishindwa nianzie wapi, nikanyamaza, safari hii kwa hiari yangu.

Fungate ilipokwisha nikarudi kazini. Mzee alikuwa ameshafika, amekaa kwenye kivuli cha chombo, nyundo mapajani, hapigi. Nikachukua nafasi yangu. Bado hapigi.

"Kidude ki wapi?"

"Nyumbani. Hakina betri."

Akainuka, akanyoosha mkono juu ya ubao mahali jua linapopiga tangu asubuhi, akashuka na betri mbili. Nilizijua kwa alama za meno yangu.

"Ulizitupa mchangani," akasema. "Nimezianika. Kakilete."

Nikakimbia nyumbani nikakileta. Nikazitia, nikabonyeza. Utepe ukakoroma, ukajivuta, na yule bwana wangu mzito akaanza kujitambulisha, neno moja, kisha lingine. Mzee akasikiliza kidogo.

"Kelele," akasema, akainua nyundo.