Nyuma ni Mizigo Tu

Enzi za mume wangu kuendesha, pikapu yetu haikurudi Itigi na asali peke yake hata siku moja. Alikuwa anaenda Mitundu kununua asali kwa warinaji, na akirudi, nyuma kuna ndoo, juu ya ndoo kuna watu, katikati ya watu kuna kuku wa mtu. Mimi nikiwa dukani nilikuwa nawasikia kabla sijaliona gari, maana wanawake wa njia ile wakipanda pamoja lazima wacheke. Walikuwa wanashuka wekundu kwa vumbi mpaka kope. Hakuna aliyelipa, na mume wangu hakumdai mtu. Alikuwa anasema gari linapita njia hiyo hiyo, liwe na mtu au lisiwe naye.

Siku hizi kila mtu ana simu ya kuita bodaboda. Wajukuu wangu nikiwasimulia kwamba mlio wa gari moja ulikuwa unatoa watu majumbani, wananiangalia tu.

Halafu kisukari kikamshika. Kilianza na macho, kikaenda kwenye mguu wa kulia, akawa hausikii mguu unapokanyaga breki. Daktari akamwambia asiendeshe tena. Gari likakaa uani msimu mzima, na warinaji wakaanza kuuza asali kwa wengine. Duka letu bila asali lilikuwa la sabuni na viberiti. Dereva wa kumlipa hatukuwa na uwezo naye. Aliyebaki ni binti yetu wa mwisho. Alikuwa amemaliza kidato cha sita, anasubiri chuo, ana miaka kumi na tisa na leseni aliyotoka kuipata.

Bima ya gari ilikuwa imekwisha zamani. Nikaenda kwa wakala wa hapa Itigi, nikamweleza dereva ni nani. Akatabasamu. Akasema bima kubwa, ile inayotengeneza na gari lako mwenyewe, kwa gari chakavu kama lile na dereva wa jana, hawezi hata kunitajia bei. Ila kuna njia. Tuandike dereva ni mume wangu, na gari ni la matumizi ya nyumbani, halibebi biashara. Hapo bei inashuka sana. Nikamuuliza siku mtoto akigonga mtu itakuwaje. Akanijibu, "Mama, omba Mungu asigonge."

Kuomba nilikuwa naomba. Lakini sikuona namna ya kuandika uongo mchana halafu jioni nitandike mswala nimwombe Mwenyezi Mungu aulinde. Na akigonga mtu, bima ikasema hilo gari hatulijui, ingekwenda nyumba na duka, na mtoto angeanza maisha yake mahakamani. Nikamshukuru, nikatoka.

Kesho yake nikapanda basi, tukapita Mkiwa, nikashuka Singida mjini. Nilizunguka ofisi za bima mpaka miguu ikauma. Wengine wakisikia umri wa dereva wanaangalia simu zao. Ofisi ya mwisho nilimkuta dada mmoja mjamzito, anakula karanga. Huyo hakunikimbiza. Mimi shule nimesoma ya jioni, nikiwa tayari na watoto, kwa hiyo kusoma nasoma, ila taratibu. Nikamwomba kila kipengele tusome, kisha anieleze kwa maneno ya kawaida. Akanieleza. Bima ndogo, ile ya kumlipa mwingine utakayemuumiza, ya gari la mizigo, inamkubali dereva mwenye leseni halali hata kama ni mpya. Bei yake niliiweza. Ila kuna jambo.

"Mbele dereva na mtu mmoja," akasema. "Nyuma ni mizigo tu. Akipanda mtu akaumia, bima haimtambui."

Nikamuuliza ya kubeba na watu. Akataja bei, mimi nikafunga mkoba. Nikalipia ile ya mizigo.

Nyumbani nilifika wakati mume wangu yuko uani anaota jua la jioni. Nikamsimulia, na nilipofika kwenye kile kipengele cha mizigo tu akageuza uso.

"Kwa hiyo gari langu sasa lipite watu juani?"

Nikamwambia jua halivunji mtu mgongo. Akasema kuna watu njia ile walimzika mama yake, walimbebea mbao za duka hili kichwani, leo binti yake awapite amefunga vioo. Watasema tumepata hela. Nikasema hela gani, tumeikosa ndiyo maana. Tukabishana mpaka adhana, tukaswali, tukarudi kubishana. Alikuwa ameshikilia kwamba kama gari haliwezi kubeba watu, bora liuzwe.

Binti alikuwa anachagua mchele, ametusikiliza muda wote. Mwishoni akasema, "Baba, wewe walikuwa wanakugongea bati la gari uongeze mwendo, unawatukana, wanacheka. Mimi wakinigongea nitaogopa. Nikiogopa nitaongeza kweli."

Mume wangu akauliza kama gia ya tatu bado inaruka. Binti akasema inaruka. Basi akasema, "Nendeni. Ila msimpite mtu. Mkimkuta mtu njiani simameni, msalimieni, mwambieni wenyewe. Na mzigo wake mchukue."

Ndivyo tulivyofanya. Safari ya kwanza nilikaa mimi kiti cha mbele, mkono mmoja kwenye mlango, mwingine na tasbihi. Kila penye watu tulisimama. Nilikuwa nashuka, nasalimia, shikamoo kwa wakubwa, nawauliza ya nyumbani, ndipo nawaeleza. Nyuma ni mizigo tu, mtoto ni mgeni wa barabara, leteni vifurushi vyenu tutaviacha mnakokwenda. Wengine walielewa. Mzee mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza tangu lini asali ikapata heshima kuliko binadamu. Nikachukua gunia lake la karanga, akalikazia kamba yeye mwenyewe huku ananuna.

Binti yangu alikuwa anaendesha polepole, midomo imekaza. Kwenye mchanga gari lilipoyumba nilifunga macho. Nilipofumbua tulikuwa tumeshapita, naye anajifuta jasho kwa mtandio. Mimi nikajifanya sikuona. Mitundu tukapakia ndoo, warinaji wakamtania kwamba leo asali imepata dereva mwenye hereni.

Wakati wa kurudi, mbele ya vichaka virefu vya njia ile, tukakuta wanawake watatu. Wawili walikuwa wazima. Wa tatu alikuwa bibi mmoja ambaye mume wangu alimbeba miaka yote, goti lake limevimba kama tikiti, anakwenda hospitali Itigi. Nikashuka, nikampa shikamoo, nikaanza maelezo yangu.

Bibi akaangalia ndoo nyuma, akaniangalia mimi. "Mke wa mwanangu, basi nifungeni kamba. Trafiki akiuliza, semeni mimi ni gunia la alizeti."

Wenzake wakacheka, na mimi nikacheka. Lakini goti lile niliendelea kuliona. Basi la jioni lilikuwa bado sana, na bodaboda kwa njia ile ingemmaliza. Nyuma asingeweza kukaa. Mbele kulikuwa na nafasi ya mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa mimi.

Sikuwa nimepanga kumwachia mwanangu usukani bila mimi kuwepo. Si siku ile, pengine si mwaka ule. Nilikuwa najiambia nitakuwa nakaa pale mpaka azoee, bila kujua nani kati yetu ndiye aliyetakiwa kuzoea. Nikafungua mlango, nikatoa mkoba wangu, nikamsaidia bibi kupanda. Wenzake wakaweka mizigo yao nyuma.

"Mama, na wewe?" binti akaniuliza.

"Nitapanda basi na hawa. Wewe nenda."

"Peke yangu?"

"Bibi yupo. Kwenye mchanga usikanyage breki ghafla."

Gia ikalia, gari likaruka kidogo, bibi akashika dirisha, kisha likaondoka vizuri. Mmoja wa wale wanawake akasema mtoto wako anaendesha kama amebeba mayai. Nikasema na aendelee hivyo hivyo. Nikaanza kumsomea dua ya msafiri, nikasahau nilipofika, nikaanza upya. Gari likaingia kwenye kona, vumbi likabaki limening'inia juu ya vichaka. Wale wanawake wakaanza kutembea kwenda kituo cha basi, nikatembea nao.