Hatua Ishirini Kutoka Jiwe la Mpaka

Shule niliishia darasa la nne na sijawahi kujuta. Nilianza kwa kuvusha vitunguu kwa baiskeli hapa Sirari, leo nina malori na nyumba ya ghorofa, ya kwanza mtaani kwetu. Muulize yeyote mpakani, atakuleta mpaka getini kwangu. Nayasema haya kwa sababu kujulikana huko ndiko kulikomponza shemeji yangu.

Nyuma ya uwanja wangu kuna jiwe la mpaka. Ukilipita umeingia Kenya, na kuku wangu hulipita kila siku bila kuulizwa. Upande ule mirungi inauzwa mezani kando ya barabara, jirani na nyanya. Mzee anasimama, ananunua, anaenda zake. Upande huu jani lilelile ni dawa za kulevya, na ukikutwa nalo ni jela. Hilo mpakani wote tunalijua.

Shemeji, kaka wa mke wangu, alikuwa fundi mwashi Isebania, upande ule wa Kenya, mtu mpole. Siku wazee walipokuja kuposa binti yangu, yeye ndiye mjomba, hakuweza kukosa, na kwao mjomba haendi kikaoni mikono mitupu. Alipiga simu asubuhi. Amewanunulia wazee mirungi, lakini anaogopa.

"Shem, si niiache tu huku? Huko kwenu hii ni kesi."

Niliweka simu sauti ya juu, wageni wasikie. "Wewe lete. Hapa Sirari kuna serikali mbili, ya Dodoma na ya kwangu."

Wageni walicheka sana. Nami nilifurahi.

Akaja kwa njia ya nyuma, mzigo ameutia kwenye mfuko wa saruji. Wazee walikuwa ndio kwanza wameanza kutafuna, mke wangu akatoka mbio upande wa geti akasema polisi wanaingia. Wazee wakatema na kutupa vijiti. Shemeji akasimama, akalitazama jiwe. Toka kiti chake mpaka pale ni hatua ishirini. Nimezipima baadaye, mara nyingi. Mke wangu akamwambia kwa Kikurya avuke upesi. Mimi nikamshika bega.

"Kaa. Mtu wangu hakimbii kwenye uwanja wangu."

Akakaa.

Afande aliyeingia sikumjua. Yule niliyezoeana naye alikuwa amehamishwa, na huyu alikuwa mgeni, mtu wa kusini. Nikamtajia jina langu kwa sauti. Akauliza kwa upole kama nataka na hilo liandikwe kwenye maelezo. Mfuko ulikuwa katikati ya miguu ya shemeji, na kabla sijaulizwa ni wa nani yeye akasema, "Ni wangu. Mwenye nyumba hajui kitu."

Ningeweza kusema neno. Sikusema.

Mahakamani Tarime nilimwekea wakili mzuri kuliko wote niliowasikia. Shemeji alieleza kwamba kwao huinunua mchana kweupe na hajawahi kuitwa mhalifu. Hakimu alimsikiliza mpaka mwisho, hakumkatiza. Kisha akasema sheria ya Kenya inaishia kwenye jiwe, na mshtakiwa alikamatwa upande huu wa jiwe. Shemeji akafungwa. Mwanawe wa mwisho alikuwa hajaanza kutembea siku ile. Baba yake akitoka, atamkuta anasoma.

Ikabidi niende ng'ambo kumweleza mama mkwe. Kwa mila yetu mkwe wa kiume haonani uso kwa uso na mama wa mke wake, hivyo yeye alikaa ndani, mimi nikawekewa kigoda nje, tukaongea kupitia ukuta wa udongo. Mimi niliyesimama mbele ya wakubwa wengi bila kutetemeka, nilishukuru ule ukuta.

Nilimsalimu shikamoo. Akaitikia, akauliza mwanawe alimuua nani. Nikasema hakuua mtu, ni mirungi. Mbele yangu, kwenye kibanda cha jirani, mwanamke alikuwa akiifunga mafungu mafungu, anainyunyizia maji isinyauke.

"Yeye tangu utoto ana mbio," sauti ikasema ndani. "Walimshikaje? Hakukimbia?"

Niliangalia mikono yangu.

"Alikimbia, mama," nikasema. "Wakamzidi."