Karatasi ya Mwisho, na Watu Chini ya Meza

Chuo chetu kilikuwa na sharti moja lililonikera kuliko yote: mtihani unafanyiwa nyumbani mbele ya kamera, na chumbani uwe peke yako. Akionekana mtu mwingine, au wewe ukiongea, karatasi inafutwa na unarudia mwaka ujao. Hilo sharti, nakuapia, liliandikwa na mtu ambaye hajawahi kuishi na watoto wawili kwa nyumba ndogo Waithaka.

Asubuhi ya karatasi yangu ya mwisho, mama mkwe alikuja kutoka Kinoo kunishikia watoto. Nampenda sana huyu mama, lakini shahada yangu ya lishe ilikuwa inamchekesha tangu mwaka wa kwanza. "Mtu mzima anasoma chakula," alikuwa akiwaambia wenzake wa kanisani nikiwa papo hapo, "na chuo chenyewe kiko kwa simu." Nilikuwa nacheka nao huku roho inachemka.

Nilimweleza habari ya kamera, akambeba mdogo mgongoni kwa leso, akamshika mkubwa mkono, wakatoka nje, uani. Nikaanza. Swali la pili halijaisha, nikahisi kitu chenye joto kikikalia miguu yangu. Sikuhitaji kuangalia. Msichana wangu wa miaka mitatu alikuwa amepitia mlango wa jikoni, akatambaa hadi chini ya meza, na akanyamaza tuli, jambo ambalo hajawahi kunifanyia hata kanisani. Nikaendelea kuandika, macho mbele.

Kisha nikamsikia mama mkwe, shosho wake, akimwita huko nje. Mwanzo aliita kawaida tu. Akaenda kwa jirani, akaenda getini, na aliporudi sauti ilikuwa inatetemeka. Mimi najua mtoto yuko wapi na siwezi kusema neno. Niliumia jamani, maana huyo mama ana presha. Nikaamua akiita tena nasimama, na karatasi ifutwe ikitaka.

Hakuita. Mlango wa jikoni ulifunguka polepole, na kwa pembe ya jicho nikamwona akiinama, akaona miguu midogo chini ya meza, akashika kifua. Kumtoa mtoto pale kungeleta kilio cha kusikika mpaka mtaa wa Satellite, na alilijua hilo. Basi mama mkwe wangu, na magoti yake mabovu, na mtoto amelala mgongoni, akashuka sakafuni akatambaa kwa mikono na magoti mpaka chini ya meza, kamera isimwone. Nikasikia anavyohema. Halafu akanigonga mguu kidogo, kunihimiza niendelee.

Niliandika mpaka mwisho. Nilipotuma na kuzima kamera, nikainama nimwinue, huku nikimwomba msamaha.

"Wacha kwanza," akasema, "magoti yamekataa. Kuja ukae hapa. Hiyo chakula umeandika masaa hayo yote, ni gani?"

Nikaingia chini ya meza, nikampakata msichana wangu, nikaanza kumweleza kutoka swali la kwanza.