Jeneza Lenye Dirisha

Mjomba wangu, kaka yake mama, kazi yake ilikuwa kutengeneza majeneza. Mtaani walimwita Msumari, kwa kuwa misumari haikumtoka mdomoni, na mwili wenyewe ulikuwa mwembamba kama msumari. Akipita dukani watu walimtania, "Msumari, usinipime kwa macho, mimi bado!"

"Nimeshakupima," alijibu. "Punguza tumbo."

Vumbi la mbao lilimkaa kifuani mpaka daktari akamwambia mapafu yamekwisha. Siku hiyo hakuleta machozi nyumbani, alileta hadithi.

"Mpwa wangu," akaniambia, "tutengeneze filamu. Fupi tu. Kabla sauti haijakatika."

Mama aliguna. Mimi niliichukua simu ya mjomba, nikajifunza kuishika isitikisike.

Hadithi ilikuwa hivi. Marehemu anatoka kaburini, anarudi kwa fundi kulalamika kwamba jeneza linambana bega. Fundi analipanua. Marehemu anarudi tena, anataka mfuko wa kuwekea kitana. Anarudi tena, anataka dirisha. Fundi anachoka kuliko maiti. Mwisho marehemu analala, anatulia, anasema, "Sasa halinibani." Imekwisha.

Fundi aliigizwa na kinyozi, jirani yetu. Mjomba akawa marehemu. Mama alipomletea poda ya kumpaka usoni, aliicheka mpaka kikohozi kikamkamata. "Dada, ya nini? Mimi nimeshapakwa."

Tulipiga vipande vyote, kikabaki hicho cha mwisho. Sauti ya mjomba ilikuwa imebaki ya kunong'ona, na kila asubuhi ilipungua. Jeneza lilikuwa moja tu karakanani, lile la filamu. Alilikatia dirisha ubavuni, akatundika kipande cha pazia letu la jikoni. Nguvu za kuranda mbao za jingine hakuwa nazo tena, na sote tulijua.

Basi akapanda ndani ya jeneza, lililokuwa juu ya stuli mbili, akajilaza. Kinyozi akasimama pembeni na nyundo. Mjomba akasema, "Haya, piga," nami nikawasha kamera ya simu.

Mlangoni mtu akabisha hodi. Hatukuitika, tulidhani ataondoka. Akaingia.

Mjomba akainuka, akakaa kitako ndani ya jeneza. Kinyozi akafumba macho akingoja yowe. Yule mtu hakupiga yowe. Macho yake yalikuwa mekundu, ya mtu aliyelia akamaliza.

"Samahani," akasema. "Nimekuja kwa ajili ya mdogo wangu. Tunamzika leo." Akamtazama mjomba juu mpaka chini. "Mnalingana. Urefu huo huo. Tafadhali, kaka, lala tena nione."

Mjomba akalala.

Yule mtu akamsogelea, akamfunga kifungo cha shati kilichoachia. Mkono ukabaki pale kifuani.

"Nilikununia mwezi mzima," akasema. "Ukapiga simu, sikupokea. Nikasema nitapokea kesho. Haya. Sasa umeninunia wewe."

Mjomba hakufumbua macho. Kikohozi nilikiona kinapanda shingoni, akakimeza. Siku zote yeye ndiye aliyesema "Kata!", na safari hii hakuweza kusema, kwa hiyo simu ikaendelea kurekodi.

Yule mtu akaondoa mkono. "Linamtosha. Nalichukua. Na hili dirisha?"

Mjomba akashuka, akajipangusa. "Nitaliziba, bwana. Dakika moja tu. Pole sana."

"Liache. Alikuwa mwoga wa giza tangu mtoto."

Kinyozi akamvuta mjomba shati. "Msumari, na filamu je?"

"Filamu haiozi," akanong'ona. "Shika huko miguuni."

Wakalitoa wenyewe, wakalipakia garini na pazia lake. Mjomba aliporudi alikaa chini, akipumua kwa tabu.

"Ilikuwa inarekodi?" akaniuliza.

"Ilikuwa inarekodi."

Akaichukua simu, akaangalia mpaka mwisho. Kinyozi aliyekuwa anachungulia begani akasema, "Ndugu yangu, hata ungetafuta waigizaji dunia nzima usingepata mwisho kama huu."

"Huu ni msiba wa mtu." Akanirudishia simu. "Futa."

Nikamtazama. Nilijua hana jeneza, hana nguvu za kutengeneza jingine, na sauti ndiyo hiyo.

"Mjomba, basi hatuna mwisho."

"Futa, mwanangu."

Nikafuta.

Akaonyesha zile stuli mbili. Kati yazo, sakafuni, vumbi la mbao lilikuwa limezunguka pale jeneza lilipokinga, na katikati pamebaki safi, umbo la mtu mrefu.

"Piga hapo," akasema. Akaegemea ukuta nyuma yangu, akavuta pumzi.

"Sasa," akasema. Kikohozi kikamshika, kirefu, kibaya. Mikono yangu haikutikisika. Kinyozi aligeukia mlango. Mjomba akamalizia: "Sasa halinibani."

"Turudie?" nikauliza.

Akatikisa kichwa. Hakuwa na sauti nyingine.

Kikohozi kile kimo kwenye filamu. Kinyozi alinishauri nikikate, watu wasikie maneno tu. Sijakikata.